Kisu cha kukunja kinapogoma: dalili, chanzo, na pa kuiachia kazi fundi

Visu vingi vinavyoletwa barazani kwangu na maneno "hiki kimekufa" havijafa. Vimeshiba. Vimeshiba vumbi la mfukoni, nyuzi za suruali, maji ya embe, mchanga wa ufukweni, na mafuta ya kupikia ambayo mwenyewe aliyatia kwa nia njema. Nina miaka mingi nikibeba kisu cha kukunja kila siku hapa Tanga, na droo moja imejaa vingine vya kukusanya tu. Nikihesabu nilivyowahi kuviharibu, vingi viliharibikia kwenye nyundo na jiwe langu, si kazini. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanzia palepale: osha, kausha, tia mafuta, ndipo utafute ugonjwa.

Jua kwanza umeshika nini

Dalili moja ina maana tofauti kwa visu tofauti. Visu vya Case vya Marekani, vya zamani vya Sheffield, Uingereza, Laguiole za Ufaransa na vile vyekundu vidogo vya Victorinox vina springi mgongoni inayolikandamiza shina la bapa, yaani sehemu yake iliyo ndani ya mpini. Springi hiyo inashikilia tu, si loki ya kulizuia bapa lisirudi. Opinel ya Savoie, Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, haina springi kabisa: bapa limebanwa na mbao, na tangu 1955 kuna pete ya chuma unayoizungusha ili lisirudi. Higonokami ya Wajapani haina springi wala pete. Ina mkia mdogo wa chuma unaoukanyaga kwa dole gumba wakati wa kukata, basi.

Halafu kuna Okapi, yenye mpini wa mbao uliopambwa mwezi na nyota, na meno mgongoni yanayolia "krrr" inapofunguliwa. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, enzi ambayo hata huku kwetu watawala walikuwa wao, na mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumpa okapi wa misitu ya Kongo jina lake la kisayansi. Siku hizi inatoka Afrika Kusini. Ukisikia mtu analalamika kwamba Higonokami yake "imepoteza springi", mwambie haijawahi kuwa nayo.

Kigumu kufunguka, au kinakwaruza

Sababu ya kwanza ni uchafu, na ya pili ni uchafu uliochanganyika na mafuta. Mzee mmoja jirani alinijia na kisu chake cha mpini wa njano, ukucha wake umevunjika kwa kukivuta. "Mwanangu, chuma hiki kimechoka." Nikamwomba kopo la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, na mswaki wa zamani. Kisu kilipofunguliwa nusu na mswaki kuingia kwenye maungio, maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi, kisha kikachomoza kidonge cha nyuzi za nguo kilichoshikana kama ugoro. Kijiti cha meno kilitoa kingine chini ya springi. Nilikikausha juani robo saa, tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa pini (msumari ambao bapa huzungukia), kukunja na kukunjua mara kumi, kufuta mafuta meusi yaliyotoka, tone jingine. Tulirudia mpaka mafuta yakatoka meupe. Hakusema kitu, alikaa tu anakifungua na kukifunga.

Maji ni kwa mipini ya plastiki na chuma. Mbao, pembe na mfupa usivilowanishe. Hapo chukua mafuta ya taa kidogo kwenye mswaki, upige maungio peke yake, mbali na jiko na sigara, kisha ufute vizuri, maana hicho kisu utamenyea chungwa.

Kuhusu mafuta nina msimamo. Ya cherehani ni bora kwa maungio. Ya alizeti usitie hata siku moja: yanaganda polepole na kuwa gundi, na ndiyo yaliyoleta nusu ya visu ninavyovisafisha. Kama kisu kinagusa chakula kila siku, nunua duka la dawa mafuta meupe yasiyo na harufu, likwidi parafini. Msomaji wa Kenya aangalie hapo: parafini ya kituo cha mafuta ni ya taa, si hiyo.

Kikiwa bado kigumu baada ya kuoshwa, na ni Opinel, mbao imefura. Masika yakishika, mpini unakunywa unyevu na kulibana bapa mpaka kidole hakitoshi. Wenyeji wa Savoie hugonga mpini kwenye kitu kigumu ili ncha ichomoze kidogo, na ujanja huo unafaa hata barazani. Dawa ya kudumu ni kukiacha mahali penye hewa siku mbili tatu (si juu ya jiko, utaupasua), kisha kupitisha msasa namba 240 ndani ya mfereji wa mpini, mara chache tu, na kupaka nta ya nyuki kwenye maungio. Ukizidisha msasa, kiangazi bapa litaning'inia lenyewe.

Sababu ya tatu ni kutu kwenye pini. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ulaze usiku kucha, asubuhi ujaribu taratibu. Usibane bapa kwa koleo ukavuta, kwa sababu likiachia ghafla linakuja usoni. Ya mwisho, tena adimu, ni kibati cha ndani, bati jembamba lililo kati ya mpini na bapa, kilichopinda baada ya kisu kuangukiwa na kitu. Hapo mpelekee fundi.

Bapa linacheza

Kifungue, shika ncha kwa kitambaa, utikise. Linacheza kushoto na kulia, au juu na chini? Majibu yake hayafanani hata kidogo.

Kushoto na kulia, mara nyingi ni pini iliyolegea kwa matumizi ya kawaida. Inayofuata ni kosa la mtumiaji: kisu kimetumika kufungulia kopo la rangi au kubandua kitu, na vibati vimeachana. Kwa Opinel huenda ni mbao iliyokauka tu, na itarudi yenyewe mvua zikija. Kucheza kidogo, kiasi cha kusikika bila kuonekana, ni hali ya kawaida ya kisu cha zamani. Kiache.

Kama lazima ukaze, fanya hivi. Funika makali kwa tabaka kadhaa za tepu. Laza kichwa cha pini juu ya fuawe au kipande cha chuma kizito, chomeka kipande cha karatasi ngumu kati ya bapa na kibati, kisha gonga kichwa cha upande wa pili kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Gonga ukingoni, si katikati, kwa kuzunguka. Vigongo vitatu, toa karatasi, jaribu. Vitatu tena. Karatasi ndiyo inayokuokoa usikaze kupita kiasi.

Simama ukiona pini inapita moja kwa moja kwenye mfupa, pembe au lulu bila chuma juu yake. Kigongo kimoja kibaya na mpini umepasuka, na hakuna gundi itakayourudisha. Kazi hiyo mpelekee sonara au fundi saa. Wana mkono mwepesi na vifaa vidogo, na wengi wataifanya ukiwaonyesha tatizo badala ya kuwaelekeza dawa.

Juu na chini ni habari nyingine. Safisha kwanza shimo ambalo springi inakalia, kwa sababu uchafu uliojazana pale unaizuia kushuka mpaka chini. Kama pamesafika na bado linacheza, shina au springi imelika. Usigonge chochote. Kisu hicho ni cha fundi wa visu, na kama si cha thamani, kimestaafu.

Kinajikunja, au loki inaachia

Hapa acha kukata. Vidole vinne viko kwenye njia ya makali hayo.

Opinel: uchunguzi wa kwanza ni kama uliizungusha pete mpaka mwisho. Naona aibu kuandika, lakini alama niliyonayo kidole cha shahada ilitokana na hilo. Pete ikiwa imelegea, koleo linaweza kuibana kidogo irudi kushika. Ikiwa inazunguka imara lakini bapa bado linateleza chini yake, shina limelika, na kisu kihamie droo.

Okapi: osha meno kwa mswaki, mchanga hukaa humo. Kisha fungua polepole usikilize: kila jino lazima lilie na kushika. Jino likiruka, springi imechoka au meno yameviringika. Wapo wanaoyachonga upya kwa tupa. Mimi sifanyi na sikushauri, kwa sababu ukichonga jino moja unabadilisha jinsi mengine yanavyokaa.

Kisu cha springi hakina loki ya kuachia, lakini mlio wake ukififia, ile "tak" ikawa "pss", na bapa likajikunja kwa kidole kimoja, kwanza safisha. Springi iliyopasuka utaiona kwa tochi, ufa mwembamba mahali inapoanza kupinda. Hiyo haichomelewi. Moto wa kuchomelea unaua unyumbufu wake.

Wakati wa kupima, usipige mgongo wa bapa mezani kama wanavyofanya vijana. Weka mgongo kwenye ubao, bonyeza polepole, mkono ukiwa umeshika mpini kwa pembeni na vidole vyote nje ya njia.

Hakikati, au kinakata siku moja tu

Kilichozoeleka zaidi si chuma kibovu, ni unyuzi. Ukinoa upande mmoja, chuma kinasukumwa kwenda upande wa pili na kuacha uzi mwembamba sana ukingoni. Kisu kitanyoa nywele za mkono mezani, kisha uzi ule utalala kwenye nyanya ya kwanza. Pitisha ukucha kutoka kwenye bapa kuelekea nje ya makali (kamwe usiupitishe kwa urefu wa makali), ukikwama upande mmoja, ndio huo. Uondoe kwa mipito myepesi sana ya kubadilishana pande kwenye kinoo, halafu mara kumi kila upande kwenye sehemu ya ndani ya mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Sababu inayofuata ni pembe. Watu wengi hunoa bega la makali, na ukingo wenyewe haujawahi kugusa jiwe. Paka makali wino wa maka peni, pitisha mara mbili kwenye kinoo, utazame. Wino ukibaki ukingoni, nyanyua mgongo. Ukitoweka ukingoni peke yake, shusha kidogo. Kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande, bapa lenye upana wa sentimita 2 linataka mgongo unyanyuke milimita 6 hadi 7, karibu unene wa penseli. Jiwe la namba 400 linatosha kwa makali yaliyokufa, 1000 kwa kumalizia. Mawe ya bei mbaya zaidi ya hapo ni starehe yako.

Halafu mahali unapokatia: sahani, marumaru, sementi. Hakuna chuma kinachostahimili. Tumia kibao.

Mwisho ni makali yaliyoungua, na hili nalijua vizuri. Niliwahi kumwachia fundi wa jiwe la umeme kisu cha Sheffield nilichokipenda. Dakika kumi, nikarudishiwa kinang'aa, na karibu na ncha kulikuwa na kivuli cha buluu kama mafuta juu ya dimbwi. Rangi ile inamaanisha chuma kilifika nyuzi joto 290 hivi, na ugumu wake umeondoka. Pale kwenye buluu makali hulala baada ya chungwa moja, sehemu nyingine zinaendelea. Ukitaka kuokoa, noa kwa mkono mpaka buluu iishe, ukipoteza milimita kadhaa za bapa. Yule mnoa visu wa baiskeli simwogopi, akikanyaga polepole na akiwa na kopo la maji. Wa umeme mwombe achovye bapa kwenye maji kila pito, na akikataa chukua kisu chako uondoke. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini si kisu kilichopikwa.

Pengo dogo mahali palepale, au ncha inachomoza

Haya mawili ni pande mbili za kinundu kimoja. Mwanzo wa makali, karibu na shina, kuna kinundu cha chuma kinachotua juu ya springi kisu kikifungwa. Ndicho kinachoamua bapa lizame kiasi gani.

Kama makali yana kidoa kinachong'aa mahali palepale kila baada ya kunoa, yanagonga springi kila unapofunga. Mara nyingi ni wewe unayekiachia kijifunge kwa kishindo. Kisindikize kwa mkono kwa wiki moja, uone. Kisipoacha, kinundu kimelika au kimenolewa kwa bahati mbaya. Chuma hakirudishwi, ila unaweza kubandika kipande chembamba cha ngozi ndani ya mfereji, mahali ncha inapolala, kikainue bapa kidogo. Si kizuri kukitazama, kinafanya kazi.

Kama ncha ndiyo inachomoza na kuchana mfuko, angalia kama kuna uchafu chini ya kinundu. Hamna? Basi visu vilivyonolewa miaka mingi hufika hapo vyenyewe. Unaweza kupitisha tupa laini kwenye kinundu, pito moja, ufunge, utazame, pito moja tena. Ukivuka mpaka utahamia kwenye tatizo la aya iliyotangulia.

Weusi na kutu

Chuma cha kaboni kikikata embe bichi hugeuka kijivu, buluu, mwisho karibu cheusi. Huo si ugonjwa. Ni ngozi ya kisu, na inapunguza kasi ya kutu nyekundu. Ukiisugua kila Jumamosi ili king'ae, unakivua nguo. Chakula kikiwa na ladha ya chuma, menya matunda mengine mengi tu. Ladha hupungua rangi ikishakolea.

Kutu nyekundu ndiyo adui, na pwani haihitaji mvua: jasho la pajani na hewa ya chumvi vinatosha. Ikiwa changa, jivu laini la kuni na nusu ya ndimu kwenye kitambaa vinaiondoa. Osha mara moja baadaye, ndimu nayo inakula chuma. Ikiwa imeganda, msasa namba 600 wenye mafuta, ukisugua kwa urefu wa bapa. Ikishachimba vishimo, toa nyekundu, acha weusi ulio ndani. Ukifuata kila kishimo utabaki na karatasi.

Hata kisichoshika kutu hushika. Kinachelewa tu.

Mpini

Mbao iliyokauka ipake mafuta ya mbegu za kitani, mafuta machache, ufute. Kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke, usikikunje wala kukitupa kwenye ndoo ya taka: mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kuwaka chenyewe. Nyufa nyembamba za mfupa karibu na pini ni uzee, zitie gundi nyembamba ya haraka zisiendelee. Mpini wa pembe uliojikunja na kuachana na kibati usiubonyeze kwa nguvu, utakatika. Kama kisu ni cha urithi, mpe fundi.

Mfukoni na safarini

Kinajifungua mfukoni: Higonokami inahitaji vigongo viwili vyepesi kwenye pini, ya springi inahitaji uchunguzi wa hapo juu. Kinachubuka na kukwaruzwa: ondoa funguo na sarafu kwenye mfuko ule. Suluhisho langu ni kifuko cha kitambaa alichonishonea fundi cherehani kwa vipande vya jinzi.

Kwenye ndege, kisu kinakwenda kwenye begi la mizigo. Ndugu zetu walioko Uingereza wana jambo la ziada: huko kisu cha kukunja unachoruhusiwa kubeba barabarani bila sababu maalumu ni kile kisicho na loki, na makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel namba 8, yenye pete na bapa la sentimita 8.5, inakosea mara mbili. Nchi nyingine zina yake, uliza kabla ya kupakia.

Ukijikata

Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Damu isipokoma, kidole kikifa ganzi, au kikikataa kukunjika, nenda hospitali muda uleule, huenda ni mshipa au kano. Na kama sindano ya pepopunda huikumbuki, iulizie hata kwa jeraha dogo la kisu chenye kutu.

Droo

Wakusanyaji huniuliza kwa nini kisu ambacho hakijabebwa miaka mitatu kimeota kijani na kutu. Mara nyingi kimelala ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inahifadhi unyevu na dawa za kutengenezea, shaba inaota kijani, chuma kinafuata. Ala ikae pembeni, kisu kipakwe mafuta na kufungwa kwenye kitambaa kikavu cha pamba.

Lakini kuna kisa kibaya zaidi. Visu vinne vitano vilivyo jirani vinashika kutu kwa pamoja, na kati yao kuna kimoja cha zamani chenye mpini wa rangi za kuvutia, kama kioo kilichochanganywa na maziwa. Kinuse. Kikitoa harufu kali ya siki au ya kafuri, na mpini una vinyufa vya ndani, huenda ni seluloidi, plastiki ya zamani, inayooza. Inatoa mvuke wa asidi unaokula chuma cha majirani wote, na inashika moto upesi sana. Hakisafishiki wala hakitibiki. Kitoe leo, kiweke peke yake penye hewa, mbali na jua na jiko, usikipashe moto wala kukipiga msasa. Cha kwangu kinakaa kwenye kikapu cha ukili kilichoning'inizwa varandani, na wageni hudhani ni dawa.